Mizani ni Nzima, Uzito ni wa Mteja

Jumanne moja, saa mbili asubuhi, Mwanvita alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa nje ya nyumba yao Mafiga, akijikuna unyayo wa kulia kwa kijiko cha chai. Unyayo huo ulikuwa unawasha kwa mwaka wa tatu mfululizo. Kila mtu anajua maana ya unyayo kuwasha: safari iko njiani. Wa Mwanvita ulianza siku ileile aliyokabidhiwa cheti cha ufundi umeme, na tangu hapo safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda sokoni kununua dagaa na kurudi. Duka la dawa walimpa mafuta ya fangasi. Alipaka miezi miwili. Fangasi, kwa kuwa hawakuwepo, hawakupona.

"Hebu acha kukuna," mama yake, Mwanaasha, alimwambia huku akipepeta mchele. "Utaita safari ya msiba bure."

"Hata msiba nitakwenda, mama. Mradi uwe mbali."

Kazi ya kukaa ilikuwepo, na ndiyo iliyomtisha. Mjomba wake, Abasi, alikuwa na mashine ya kusaga kule Mlali, na pembeni ya mashine palikuwa na kiti kitupu tangu binti aliyekikalia aolewe. Kwa Waluguru neno la mjomba kwa mpwa wake ni muhuri: baba anaweza kushauri, mjomba anagonga. Mjomba Abasi alikuwa ameshagonga. Mahindi mapya yakikauka Mwanvita hajapata kazi ya kudumu, atakwenda kukalia kiti.

"Kiti kipo, kivuli kipo, umbea unakufuata hapohapo," alisema. "Wewe unataka nini tena?"

Asubuhi hiyo tangazo likaingia kwenye kundi la wasap la watafuta kazi. Anahitajika fundi mizani. Awe na cheti cha umeme. Awe anajua kuendesha pikipiki. Awe na uzoefu usiopungua miaka mitatu. Awe tayari kusafiri mara kwa mara. Mwanvita alipofika kwenye neno kusafiri, unyayo uliwasha mpaka kijiko kikapinda.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro, na aliyesaili alikuwa mwenye kampuni mwenyewe, Bi Margareth, mama mnene wa miwani ambaye hakupenda magari kwa sababu yanamtapisha. Alisoma cheti mbele, akakisoma nyuma ambako hakukuwa na kitu.

"Uzoefu?"

"Sina, mama."

"Tangazo limesema miaka mitatu. Na kusafiri je? Wenzio wote waliokuja hapa wanasema wako tayari. Ukiwatuma Kilosa, bibi anakufa. Ukiwatuma Gairo, bibi yuleyule anakufa tena."

Mwanvita akavua kiatu, akanyanyua mguu, akauweka kwenye ukingo wa meza. Bi Margareth aliinama akautazama unyayo kwa muda, kama mtu anayesoma mita ya maji. Katikati palikuwa pekundu, na pekundu pale palikuwa panatembea taratibu kuelekea kidole gumba.

"Umeanza lini?"

"Nilipomaliza chuo."

"Miaka mingapi hiyo?"

"Mitatu."

"Basi unao uzoefu," Bi Margareth alisema, akachukua kalamu. "Vaa kiatu, unanichafulia risiti. Majaribio miezi mitatu. Lalamiko la mteja likija na likashindikana, tunaachana kwa amani."

Alipewa pikipiki nyekundu, sanduku la vifaa, fomu za ripoti, na mawe manne ya chuma, kila moja kilo ishirini kamili, ya kujaribia mizani. Bi Margareth alimfundisha utaratibu: unatengeneza, unapanga mawe juu ya mizani, ikisoma themanini unasaini, isiposoma themanini husaini. Mwanvita akaongeza la kwake. Baada ya mawe alikuwa akipanda mwenyewe, kwa kuwa uzito wake ulikuwa kilo hamsini na nne tangu kidato cha nne, haukuwahi kupanda wala kushuka, si kwa Idi wala kwa malaria. Alikuwa jiwe la tano, tofauti yake ni kwamba linajibeba.

Wiki sita za mwanzo zilikuwa asali. Alikwenda Mikese kwenye mizani ya kupimia machungwa, akala mishikaki barabarani akiangalia mabasi. Alikwenda Kilosa, na bibi yake, aliyekuwa hai, akabaki hai. Kila jioni unyayo ulitulia, na kila alfajiri ukamwamsha kabla ya adhana. Mama yake aliacha kuzungumzia msiba. Mjomba Abasi alipiga simu kuuliza habari, kisha akasema kiti amekipaka rangi.

Wiki ya saba akatumwa Lusangule.

Lusangule ni soko la mboga juu kabisa milimani. Ukitoka Mlali unapanda, unaendelea kupanda, na ukishadhani umefika, unakuta ulikuwa unajiandaa kupanda. Ukungu unaingia sokoni saa nne na kutoka saa sita, na watu wanaupisha njiani kama mgeni wa heshima. Huko wanalima karoti, na wanunuzi wanazifuata kwa Fuso kutoka Dar.

Mizani ya Lusangule ililetwa miaka miwili nyuma, pale amri ilipotolewa kwamba mazao yauzwe kwa kilo. Ilikuwa mizani kubwa ya umeme, sahani yake ya chuma inatosha kusimamia ng'ombe, namba zake nyekundu zinaonekana toka ng'ambo ya soko. Ilizinduliwa kwa ngoma. Kesho yake ikafunikwa turubai. Mwanvita alipoifunua alikuta kuku ametagia ndani ya kisanduku cha nyaya, mayai sita, na mwenyewe yumo.

"Huyo ni wa mwenyekiti," mama mmoja alimwonya. "Mtoe kwa adabu."

Mama huyo alikuwa Bi Zuhura, mkulima, amekaa kati ya magunia yake mawili kama yupo kwenye kiti cha enzi. Mwanvita akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba mwanangu, akamtoa kuku kwa adabu. Alisafisha, akaunga nyaya mbili zilizokatika, akapanga mawe. Themanini. Akapanda mwenyewe. Hamsini na nne. Akasaini.

Wakati anakunja fomu, mnunuzi alikuwa kazini. Aliitwa Erick, kijana mcheshi mwenye jezi na miwani ya jua hata ndani ya ukungu, na Lusangule nzima ilimtegemea, maana wanunuzi wengine waliogopa ile barabara. Erick alinunua kwa gunia. Gunia linajazwa hadi mdomoni, halafu juu ya mdomo linashonewa wavu, na wavu nao unajazwa mpaka gunia linaonekana limevaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei ni ya gunia. Kilemba ni heshima kwa mnunuzi, na heshima hiyo haikuwahi kukosekana, kwa sababu mkulima asiyeitoa alirudi na karoti zake nyumbani.

"Erick, mizani imepona," Bi Zuhura alisema. "Leo tupime."

"Mama yangu, mimi na wewe tupimane kama wezi?" Erick alicheka. "Sisi tunakwenda kwa macho. Hebu ngoja niijaribu mimi kwanza, mke wangu anasema nimekonda."

Akapanda juu ya sahani, akaweka mikono kiunoni.

Namba nyekundu zilifikiri kidogo, kisha zikaandika 14,602.

Watu walisogea wakasoma. Chuma hakikupinda. Erick naye hakuzama.

"Umevua viatu?" Bi Zuhura aliuliza.

Erick akavua viatu. 14,601.

"Viatu kilo moja," alisema Ignas, mwenyekiti wa soko, mwenye kuku. "Hivyo ndivyo viatu vya Dar."

"Sista fundi," Erick akamwita, "hii kitu yako inanipima mimi au inapima Fuso?"

Mwanvita alifanya anavyofanya fundi yeyote: alizima, akawasha. 14,601. Akamshusha Erick, akapanga mawe. Themanini. Akampandisha Bi Zuhura. Sitini na moja. Akampandisha mwenyekiti, sabini na mbili akiwa na kuku, sabini bila kuku. Akamrudisha Erick. 14,601.

Erick hakukasirika, alikuwa mtu wa biashara. Akavaa viatu, akanunua magunia mawili ya Bi Zuhura na vilemba vyake, akayapakia, akarudi kupanda mara nyingine kwa utani tu, ili awapigie picha wenzake wa Dar. 14,686.

Hapo fundi akakuna kichwa badala ya unyayo. Alitoa kikokotoo. Akamwomba utingo ayashushe yale magunia ya Bi Zuhura, akayapima na vilemba, akafungua wavu, akayapima bila vilemba. Kilemba cha kwanza kilo arobaini na moja. Cha pili arobaini na tatu. Vikijumlishwa ni themanini na nne, na themanini na nne ndizo Erick alizoongezeka tangu avae viatu.

Bi Zuhura alikuwa amesimama nyuma yake akifuatilia hesabu.

"Kwa hiyo zimo humohumo," alisema.

"Zimo, mama."

"Nilikuwa najiuliza zinakwenda wapi." Akarudi kukaa, amepumzika kama mtu aliyeona ufunguo wake uliopotea.

Mwanvita aliandika ripoti kwa mwandiko mzuri wa chuo: *Mizani ni nzima. Uzito ni wa mteja.* Akateremka mlima akipiga mluzi, maana hajawahi kuandika ripoti fupi na ya kweli namna ile.

Kesho yake Erick alijipima kwenye duka la dawa mjini. Themanini na moja. Akampigia Bi Margareth simu. Hakutukana, alilalamika kwa upole, na lalamiko la upole ndilo baya. Alisema hawezi kununua kwenye soko lenye mizani ya uongo, na kwamba milima ni mingi na karoti ziko kila mahali.

"Mwanvita," Bi Margareth alisema, "mteja ana kilo elfu kumi na nne?"

"Kumi na nne mia sita themanini na sita, mama. Na viatu."

"Rudi."

Akarudi na mizani mpya ndani ya boksi, nailoni bado ipo. Erick akapanda. 15,130, kwa kuwa kati yake na juzi palikuwa na siku moja ya gulio. Bi Margareth akasema rudi tena, uisogeze, labda ardhi. Akaisogeza hatua kumi, kisha ishirini, kisha akaipeleka hadi kwenye uwanja wa kanisa. Namba zilimfuata Erick popote ndani ya Lusangule. Akishuka Mlali anakuwa mtu wa kilo themanini na moja, mwepesi kabisa, anaruka mitaro.

Kusema kweli safari hizo zilikuwa tamu. Unyayo wa Mwanvita haujawahi kupumzika vile. Lakini mahindi yalikuwa yanakauka mashambani, kila akipita Mlali anayaona, na mjomba Abasi alikuwa akitoka mlangoni pa mashine kumpungia mkono kwa upendo, kando yake kiti cha bluu.

Safari ya nne Bi Margareth alikuja mwenyewe. Alitapika Mlali, akatapika kwenye kila kona iliyofuata, akafika Lusangule mwembamba kidogo. Aliizunguka mizani mara mbili bila kuikanyaga. Kisha akaitisha kikao hapohapo, Erick kaegemea Fuso, wakulima wamekaa juu ya magunia, ukungu umesimama nyuma ukisikiliza.

"Nani ana shida na hii mizani?" aliuliza.

"Mimi," Erick alisema. "Inanivunjia heshima. Mtu anaweza kudhani mimi mwizi, kumbe kila kilemba nimeshonewa na mwenye karoti mwenyewe, kwa mkono wake. Uongo, mama zangu?"

Haukuwa uongo. Sindano walikuwa nazo mikononi.

"Tungependa kumpima kila mwisho wa gulio," kijana mmoja alisema kutoka nyuma, "na zile zilizozidi azirudishe."

"Azirudishe vipi?" Ignas akamuuliza. "Atatoa karoti kifuani? Na asipokuja wiki ijayo, utampima nani? Utampima kuku wangu?"

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka. Wakamtazama Bi Zuhura, kwa kuwa alikuwa mkubwa pale.

"Mimi nilitaka kujua tu," Bi Zuhura alisema. "Nimeshajua. Karoti ikishang'olewa haisubiri kikao."

Bi Margareth akatoa kibao kutoka kwenye mkoba. Alikuwa amekiandikisha mjini kabla hajapanda, kwa hiyo kikao kilikuwa adabu tu. Kiliandikwa kwa rangi nyekundu: MIZANI HII NI YA MAZAO. BINADAMU WASIPANDE. Ignas akakipigilia misumari kwenye nguzo. Erick akakisoma, akaridhika, akapiga makofi mawili.

"Haya," Bi Margareth akamwambia Mwanvita, akimpa fomu. "Jaribu na gunia moja la mazao, halafu andika hitilafu imeondolewa, saini."

"Mama, hitilafu haikuwepo."

"Ndiyo maana imeondoka upesi."

"Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa sahihi."

"Ilikuwa sahihi sana. Ningekuwa mwalimu wako ningekupa tano. Sasa mimi ni mwajiri wako, na majaribio yako yanaisha Ijumaa. Unasaini au nikupitishe Mlali njiani?"

Mwanvita alisimama na kalamu. Chini kabisa, bondeni, aliona mabati ya Mlali yaking'aa, na kati ya mabati hayo moja lilikuwa la mashine ya mjomba. Upande wa pili barabara ilikuwa inapotea kwenye kilima ambacho hajawahi kuvuka. Ndani ya buti unyayo ukaanza kuwasha, kwanza katikati, halafu kisigino, halafu wote.

Akapima gunia la Bi Zuhura. Na kilemba, kilo mia moja thelathini na saba. Bila kilemba, mia moja kamili. Namba zilikuwa safi kama maji ya mlimani. Akaandika *hitilafu imeondolewa*, akasaini, akaweka na tarehe.

"Gunia langu mmelivua, nani atalivisha?" Bi Zuhura aliuliza. Macho yake hayakuwa yanaona vizuri tundu la sindano kwenye ukungu, na utingo alikuwa juu ya Fuso.

Mwanvita akachukua sindano na kamba. Akarudisha karoti kwenye wavu, moja moja, akashona kilemba vizuri, kwa mshono wa kifundi usiofumuka.

"Sista fundi una mkono," Erick alimsifia. "Ukichoka na mizani nitafute."

Ijumaa akapewa barua ya ajira ya kudumu. Mama yake aliipeleka kwa majirani, nyumba kwa nyumba, huku ameishika kwa kitambaa. Mjomba Abasi alisema hewala, akampa kile kiti binti wa jirani, ambaye hapendi kutembea na mpaka leo anafurahi nacho.

Mwanvita alikwenda Kilosa, akaenda Ifakara, akaenda Dodoma mara mbili. Alivuka kile kilima na kukuta nyuma yake kuna kilima. Hakuna mtu Mafiga aliyesafiri kama yeye mwaka ule.

Baada ya miezi mitatu akapanda Lusangule kwa ukaguzi wa kawaida. Ilikuwa siku isiyo ya gulio, soko tupu, kuku wa Ignas juu ya kibao. Alisafisha mizani, akapanga mawe manne. Themanini. Akayashusha. Halafu, kwa mazoea tu, akaangalia huku na huku, akapanda mwenyewe.

Tisini na moja.

Akashuka, akapanda. Tisini na moja. Akavua buti. Tisini. Akaweka mawe tena, yakasoma themanini bila wasiwasi wowote. Hakuwa na haja ya kikokotoo kujua zile thelathini na saba zimetoka gunia gani.

Bi Zuhura alikuwa anapita na jembe begani. Alisimama, akakunja macho kuelekea zile namba nyekundu, akazisoma polepole.

"Umenenepa, mwanangu," alisema. "Kazi imekukubali."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenzio Erick anasema Jumamosi analeta Fuso la pili."

Mwanvita akavaa buti. Akaandika kwenye fomu *mizani ni nzima*, jambo ambalo lilikuwa kweli, akasaini, akafunga mawe kwenye pikipiki. Unyayo ulikuwa unawasha: kesho Mikese. Pikipiki ikamchukua chini ya mlima kama kawaida, wala haikulalamika uzito.